Kumfundisha Mtoto Kufika: Somo la Njia ya Kutoka Uwanja wa Ndege hadi Nyumba ya Wageni

Mwalimu wa Darasa la Tano afundishapo habari za safari, aghalabu huanza na mahali msafiri anapoondokea, hutaja mikoa anayoipita, kisha huishia pale chombo kinaposimama. Basi limefika stendi, ndege imetua, kengele imelia, watoto wametoka kwenda kucheza. Kipande kinachobaki, kutoka chombo kiliposimama hadi kitanda atakacholalia msafiri usiku ule, hakimo katika azimio la kazi wala katika andalio la somo. Pengine ni kwa sababu ni kifupi. Kutoka Igunga hadi Dar es Salaam msafiri huvuka mikoa mizima. Kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi katikati ya jiji ni kiasi cha kilometa 12 tu. Walakini wasafiri wengi wa kwetu hawapotei katika ule mwendo mrefu. Hupotea katika kilometa hizo 12.

Huenda mwalimu mwanafunzi akauliza: Mtoto wa Igunga ana haja gani na uwanja wa ndege? Baba yake analima pamba, ng'ombe wao wanakunywa maji lambo la kijiji, na safari kubwa ya mwaka ni kwenda mnadani. Swali hilo niliwahi kulisikia, na hapo zamani nilikuwa nalo mimi mwenyewe. Jibu nilipewa na bibi mmoja.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi katika wilaya ya Igunga. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja hodari sana katika somo la jiografia. Ukimwamsha usiku angekutajia mikoa yote ya Tanzania bara na visiwani, pamoja na makao makuu yake. Bibi yake aliugua macho, na ndugu mmoja wa mjini akawanunulia tiketi za ndege kutoka Tabora, kwa kuwa mama huyo asingeweza kustahimili mwendo wa basi. Mjukuu akapewa ruhusa kumsindikiza bibi, maana bibi alisema Kinyamwezi kuliko Kiswahili na hakujua kusoma. Ndugu yule aliahidi kuwapokea. Ndege ilitua jioni. Ndugu hakuonekana, na simu yake haikupatikana. Mtoto alikuwa na jina la nyumba ya wageni kichwani, basi. Hakuwa na mtaa, wala namba ya simu, wala alama ya jirani. Dereva aliwachukua akawapeleka kwenye nyumba yenye jina lile lile, ila ilikuwa sehemu nyingine ya jiji. Nyumba imejaa. Dereva ameshaondoka na fedha zake. Bibi na mjukuu walikesha wamekaa kwenye benchi la mapokezi, na asubuhi nafasi yao ya kumwona daktari ikawapita.

Waliporudi, bibi alinijia shuleni. Hakuja kulalamika, kwa maana watu wa makamo yake hawamlalamikii mwalimu. Alisema tu: "Mwalimu, mtoto wako anaijua Dar es Salaam yote, ila pa kulala."

Tangu siku hiyo nimelifundisha somo hili kila mwaka, kwanza kwa watoto na sasa kwa ninyi wanachuo. Yafuatayo ni yale niliyoona yanafaa, na machache ambayo hayakufaa.

Anza na neno lenyewe. Kosa la kwanza la mtoto wetu lilianzia kwenye msamiati. Kwetu Igunga, na katika miji midogo mingi ya Tanzania, mtu akisema "hoteli" anataja mahali pa kula: chai, chapati, wali na maharage, supu ya asubuhi. Pa kulala huitwa nyumba ya wageni, au gesti, au siku hizi loji. Huko jijini neno "hoteli" lina maana zote mbili, na dereva anayesikia mtoto akisema "tunakwenda hoteli" anaweza kuelewa apendavyo. Kwa hiyo kabla hujachora ramani yoyote, waulize wanafunzi: "Mgeni akilala Igunga mjini, analala wapi? Akila, anakula wapi?" Waachie wabishane kidogo. Kisha andika ubaoni maneno yatakayotumika katika somo: abiria, kuwasili, kuondoka, mizigo, mapokezi, nauli, makutano, mtaa, kituo. Lisisitize neno "kuwasili", kwa kuwa wanafunzi wetu husema "kufika", nalo ni neno zuri. Lakini katika mabango ya viwanja vya ndege mtoto atakutana na "Wanaowasili" na "Wanaoondoka", na bibi yangu yule na mjukuu wake, kwa maelezo yao wenyewe, walikwisha zunguka mara mbili mbele ya bango lenye neno wasilolijua.

Usiyatungie maneno hayo sentensi kumi za kujaza nafasi zilizo wazi. Yatakaa vizuri zaidi mtoto atakapoyahitaji kwa miguu yake, kama tutakavyoona.

Sasa mwalimu ajifunze njia kabla ya kuifundisha. Uwanja mkubwa wa ndege wa Dar es Salaam huitwa kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Una majengo ya abiria zaidi ya moja: la pili lilifunguliwa mwaka 1984, na la tatu, kubwa kuliko yote, mwaka 2019. Jambo hili si la kupamba somo. Ndugu anayekuja kumpokea mgeni akisimama mbele ya jengo moja, na mgeni akatokea jengo jingine, kila mmoja atamwona mwenziwe amevunja ahadi. Kwa hiyo mtoto afundishwe kuuliza mapema, siku tiketi inaponunuliwa: "Ndege hii itatuteremsha jengo lipi?"

Kutoka uwanjani barabara ni moja nayo ni Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu. Barabara hiyo ina pande mbili, na hapo pana mtego kwa anayetaka kupanda gari la abiria wengi: upande mmoja huelekea mjini, na wa pili huelekea Gongo la Mboto na Pugu. Anayepanda bila kuuliza anaweza kusafiri kwa raha kabisa huku akiuacha mji nyuma yake. Anayekwenda mjini atapita Kipawa na Vingunguti, kisha atafika makutano ya Barabara ya Mandela, ambapo stesheni ya TAZARA, reli ya kwenda Zambia iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, huonekana waziwazi. Hapo magari ya Barabara ya Nyerere hupita juu ya daraja, liitwalo Daraja la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018. Baadaye huja makutano ya Chang'ombe, halafu Kamata, na kutoka hapo Mtaa wa Msimbazi humwingiza msafiri Kariakoo, mahali penye nyumba za wageni nyingi za bei ya watu wa kawaida.

Alama hizo zatosha. Mwalimu asiongeze nyingine kwa kutaka kuonyesha elimu yake. Tena ajue kwamba mji hubadilika. Barabara ya Nyerere imo katika mpango wa njia za mabasi yaendayo haraka, yale yaliyoanza kazi mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro. Kwa sababu hiyo vituo na magari ya abiria ndiyo mambo ya kwanza kubadilika. Kila mwaka kabla ya somo, mtafute mtu aliyetoka huko karibuni, awe mfanyabiashara wa ng'ombe au mwalimu mwenzako aliyekwenda likizo, umwulize hali ilivyo. Usifundishe kwa daftari la mwaka juzi.

Nilichagua Kariakoo kwa sababu nyingine pia, ambayo nimeiona ikiwaamsha watoto kila mara. Miongoni mwa mitaa ya Kariakoo umo Mtaa wa Nyamwezi. Mtoto wa mkoa wa Tabora akisikia kwamba katikati ya jiji kubwa kuna mtaa wenye jina la babu zake, haufikirii tena mji ule kuwa ni wa watu wengine. Na jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na sehemu ile ikawa kambi ya wapagazi. Watu wa kubeba mizigo walilala pale kabla ya mabwana wa maduka kuja. Hapa namwonya mwalimu mwanafunzi: dakika tatu za historia hiyo zatosha. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa nikamwona mwalimu kijana, mwenye sauti nzuri na maarifa mengi, akatumia dakika 25 katika 40 za kipindi kueleza habari za vita. Watoto walisikiliza kweli kweli. Kipindi kilipokwisha hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza njia.

Twende sasa uwanjani, maana somo hili halifundishiki ndani ya darasa. Chukua jivu au chokaa, na kamba ndefu. Chora njia yote ardhini, kiasi cha hatua 120, ili kila hatua 10 ziwe kilometa moja. Watoto wenyewe wapime kwa hatua. Hapo hisabati ya vipimo inaingia bila kubishiwa hodi. Kwa stesheni weka matofali mawili, na kwa daraja weka ubao mpana ulioinuliwa juu ya mawe ili mtoto apande na kushuka. Kwa Kariakoo chora vimraba vya mitaa inayokatana. Jengo la uwanja wa ndege liwe madawati mawili yenye uwazi katikati, na juu yake bango la boksi lenye neno "Wanaowasili". Chora pia picha ya begi, ya gari, na ya choo katika vipande vya boksi, kwa sababu mtoto atakayekuwa na mtu asiyejua kusoma atahitaji kumwonyesha picha.

Kuhusu pande za dunia, watoto wetu ni wajuzi kuliko wa mjini. Mtoto wa Igunga amekua katika nchi tambarare, anaona jua linapochomoza na linapotua bila kuzuiwa na kitu, na katika lugha ya nyumbani anazo tayari: sukuma ni kaskazini, dakama kusini, kiya mashariki, ng'weli magharibi. Anza na maneno hayo, kisha umwambie aielekeze ramani ya ardhini ipasavyo: uwanja wa ndege uko kusini-magharibi ya katikati ya jiji, hivyo msafiri huelekea kaskazini-mashariki. Lakini mweleze vile vile kwamba huko atakakokwenda majumba marefu yatalificha jua, na jioni taa zitang'aa pande zote. Huko watu hawaelekezani kwa kiya na ng'weli. Huelekezana kwa alama: "ukifika daraja", "mbele ya soko", "mkabala na msikiti". Mwanafunzi ajizoeze kuelekeza kwa njia zote mbili, kwanza nyumbani kwao hadi shuleni, ndipo Kipawa hadi Kariakoo. Na ajue kuwa mkono wa kulia wa mtu anayekuja si mkono wa kulia wa mtu anayekwenda. Jambo hili laonekana dogo. Jaribu kuwauliza watoto wawili waliosimama wakitazamana, utaona.

Mtoto asiruhusiwe kuanza kutembea juu ya ramani mpaka awe ameandika karatasi yake. Huu ndio moyo wa somo zima, nami ningependa mwalimu atumie muda mrefu hapa kuliko mahali pengine popote. Karatasi iwe na jina la nyumba ya wageni, mtaa iliopo, alama moja iliyo jirani nayo, namba ya simu ya nyumba, na namba ya simu ya ndugu mmoja. Iandikwe kwa wino na kwa herufi kubwa, nakala mbili: moja ibebwe na mtoto, na ya pili ifungwe katika ncha ya kanga ya bibi. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba siku hizi kila kitu kimo ndani ya simu. Nilimjibu kwamba simu ya ndugu wa bibi yule nayo ilikuwa na kila kitu ndani yake, ila ilikuwa imezimika.

Sasa gawa nafasi. Mtoto mmoja awe bibi, wa pili mjukuu, wa tatu dereva wa teksi, wa nne kijana anayetaka kuwabebea begi bila kuombwa, wa tano mfanyakazi wa uwanja mwenye sare. Wengine wawe watu wanaopita na haraka zao. Usiwape maneno ya kukariri. Wape hali, nao wataleta maneno yenyewe. Hata hivyo kwa ajili ya mwanachuo ambaye hajawahi kuona mazoezi ya namna hii, nanukuu kwa kumbukumbu mazungumzo ya watoto wawili wa darasa langu:

Dereva: Karibu teksi, mama. Leteni mizigo, gari hii hapa.
Mjukuu: Shikamoo, baba.
Dereva: Marahaba, mwanangu. Mnakwenda wapi?
Mjukuu: Kariakoo, Mtaa wa Nyamwezi. Jina la nyumba hili hapa, na namba yao ya simu.
Dereva: Napajua. Ingieni.
Mjukuu: Baba, kwanza tuambie nauli. Pamoja na mizigo yote.
Dereva: Elfu arobaini.
Mjukuu: Ngoja nimwambie bibi. (Anamwambia kwa Kinyamwezi.) Bibi anasema tunayo elfu ishirini na tano.
Dereva: Haifiki, mwanangu. Mafuta yamepanda.
Mjukuu: Basi tutauliza na wengine. Asante, baba.
Dereva: Hebu subiri.

Angalia mambo yaliyomo katika maneno hayo machache. Mtoto ameamkia kwanza, kwa sababu adabu ya nyumbani haikuachwa Tabora. Na mara nyingi ndiyo inayomfanya mtu mzima amwone kuwa ni mtoto wa watu, si mzigo wa kuchezea. Ametaja mtaa kabla ya jina la nyumba. Ameuliza nauli akiwa bado amesimama chini. Hakukubali wala hakukataa mpaka alipomshauri mkubwa wake. Na ameweza kusema "tutauliza na wengine" bila kumtukana mtu. Sentensi hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwa watoto wetu. Wamelelewa kutombishia mtu mzima, na malezi hayo ni mema. Lakini inabidi mwalimu awaonyeshe kwamba kuuliza bei si kubisha. Katika darasa moja niliona wanafunzi wanane mfululizo wakisema "haya, baba" kwa bei yoyote iliyotajwa, hata dereva wa mchezo alipofika laki mbili kwa kutaka tu kuona mwisho wake.

Bei nilizozitaja ni za mazoezi. Mwalimu aulize bei za kweli za wakati wake, kwani hutofautiana kwa saa, kwa aina ya gari, na kama teksi imeitwa kwa simu au imekutwa uwanjani. Kwa hesabu za darasani zinatosha za kubuni: kama teksi ni shilingi 30,000 kwa watu watatu, kila mmoja atatoa kiasi gani? Kama kilometa ni 12, kila kilometa imegharimu kiasi gani? Na ukipanda daladala ukalipa pungufu mara nyingi, lakini una mabegi matatu na bibi asiyeona vizuri, je, umeokoa fedha au umepoteza? Swali la mwisho halina jibu moja la namba, na ndiyo sababu nalipenda. Mtoto atakayesema "inategemea begi la tatu lina nini" mpe alama zote.

Mtoto anayecheza kijana wa mabegi asizuiliwe kuwa mjanja. Yeye ndiye mwalimu wa pili wa somo hili. Kazi yake ni kushika begi na kuanza kwenda nalo akisema "nawasaidia tu, mzee". Wanafunzi watajaribu kumfukuza kwa kelele, au watamfuata kwa miguu wakimwomba. Mwishowe mmoja atagundua kuwa inatosha kushika mkanda wa begi lako mwenyewe tangu mwanzo, kuhesabu mizigo kwa sauti kila mnaposimama, na kumwendea mwenye sare. Waachie wagundue. Mwalimu akisema mapema, ugunduzi umekufa.

Ramani ikishatembewa na makundi mawili au matatu, fanya jambo moja ambalo wanachuo wengi huliogopa: haribu mpango. Mtoa jibu wa nyumba ya wageni aseme, "Vyumba vimejaa." Hapo ndipo bibi yangu na mjukuu wake waliposhindwa, na hapo ndipo tunapopima kama somo limeingia. Je, dereva ameshaondoka? Kwa nini mlimruhusu aondoke kabla hamjaona chumba? Je, mlipiga simu toka uwanjani kuuliza nafasi? Kundi moja lilinipa jibu ambalo sikulifikiria: mjukuu alimwomba mtu wa mapokezi amtajie nyumba ya jirani anayoiamini, na amwandikie jina lake kwenye ile ile karatasi, nyuma.

Katika kufunga kipindi napenda kurudi nyumbani, kwa njia ya misafara. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita kusini ya Igunga, kwa Tura na Rubuga hadi Tabora, mahali ambapo wageni wa wakati ule walipaita Kazeh. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba mwaka huo huo, baada ya siku zaidi ya 130. Walipofika hawakuzunguka wakitafuta pa kulala. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia na kuijua njia, na kule mwisho wa njia palikuwa na mwenyeji, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir, aliyewapokea na kuwasaidia. Nyumba aliyokaa Livingstone huko Kwihara mwaka 1872, ile tembe ambayo leo ni makumbusho, ilikuwa nayo nyumba ya kupokea wageni wa mbali. Vivyo hivyo Mnyamwezi aliyeshuka pwani na meno ya ndovu begani alifika Bagamoyo pamoja na wenziwe mia kadhaa, na kambi ikiwangoja.

Waulize watoto: "Kirangozi wa safari yenu ni nani?" Mara ya kwanza watasema dereva. Subiri. Baadaye mmoja atainua ile karatasi.

Upungufu wa somo hili nimeuona pia, na si haki kuuficha. Haliingii katika kipindi kimoja. Kwangu lilihitaji vipindi vitatu, na mwalimu mkuu mmoja aliniuliza kama nafundisha jiografia au maigizo. Katika darasa la watoto 90 makundi matatu hucheza na wengine hutazama, na watazamaji huchoka. Nimejaribu kuwapa watazamaji kazi ya kuandika kila kosa waliloona, jambo ambalo lilisaidia, ila liliwafanya wachezaji waogope. Afadhali kuchora ramani mbili au tatu kwa pamoja, kama uwanja unatosha, na kuwaweka viranja wasimamie. Masika jivu hufutika. Tumia vijiti na kamba.

Kazi ya nyumbani iwe hii: kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja aliyewahi kufika Dar es Salaam kwamba usiku wa kwanza alilala wapi, na alifikaje hapo kutoka kwenye chombo chake. Majibu yaandikwe kwa mistari mitano na yasomwe kipindi kinachofuata. Mtoto mmoja wa kijiji cha jirani na Nkinga alileta majibu ya babu yake, aliyesafiri kwa treni ya Reli ya Kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912. Babu alisema kwamba enzi zake mambo yalikuwa rahisi, kwa kuwa stesheni ilikuwa mjini hasa, na msafiri aliteremka akawa ameshafika. Halafu mtoto alikuwa ameongeza mstari wa sita, ambao sikuuomba: "Lakini babu alilala stesheni siku mbili, kwa sababu hakuwa na karatasi."

Darasa lilicheka. Nikamwomba ausome tena mstari huo, taratibu, kisha nikawaambia wote watoe madaftari yao.